Kabati la Vyombo: Fedha ya kuchovya ya enzi za Malkia Victoria

Toleo lililopita niliweka picha ya kisu na uma vya kugawia samaki vya Kiingereza, vile vipana vilivyochorwa samaki na majani ya baharini kwenye bapa, nikaeleza kwa ufupi kwamba ni vya enzi za Malkia Victoria (1837 hadi 1901) na kwamba vimechovywa fedha, yaani metali nyingine iliyovikwa koti jembamba la fedha kwa umeme, njia iliyoanza miaka ya 1840. Maswali yamekuja mengi sana, nashukuru. Yanayofanana nimeyaunganisha, na moja kuhusu mipini myeupe nimelijibu kwa urefu kwa sababu lina mambo mazito ndani yake.

SWALI: Shangazi shikamoo. Niko Leicester hapa Uingereza, nimenunua kwenye duka la chariti boksi la kisu na uma vya samaki kama vile vya kwenye picha yako, ndani kuna satini ya bluu. Kisu kimeandikwa EPNS, kila herufi kwenye kiboksi chake, afu pale karibu na mpini kuna kipete kina mihuri midogo sana, mmoja ni simba. Muuzaji kaniambia ni fedha halisi ya zaidi ya miaka 100. Ni kweli? *Msomaji, Leicester*

JIBU: Marahaba mwanangu. Hapo una vitu viwili kwenye chombo kimoja, ndo maana muuzaji kachanganya. Bapa la kisu na meno ya uma ni fedha ya kuchovya, hiyo EPNS inasema wazi, EP ni kuchovywa kwa umeme na NS ni nikeli silva, ambayo pamoja na jina lake haina fedha hata chembe, ni shaba na zinki na nikeli zimeyeyushwa pamoja zikatoa metali nyeupe yenye unjano kwa mbali. Mafundi walipenda kutenganisha herufi kwenye viboksi ili kwa haraka zionekane kama mihuri ya fedha halisi, na watu wanadanganyika mpaka leo.

Ila hicho kipete kinachofunika pale mpini unapokutana na bapa, hicho mara nyingi kilikuwa fedha halisi hata kama kila kitu kingine kimechovywa, na Uingereza fedha halisi ilitakiwa ipelekwe kwenye ofisi ya kupima madini igongwe muhuri ndo iuzwe. Simba anayetembea mguu mmoja wa mbele juu ndo alama ya fedha ya 925 kwa 1000. Pembeni yake tafuta alama ya mji, nanga ni Birmingham, taji ni Sheffield, kichwa cha chui ni London. Afu kuna herufi moja ya mwaka, kila mji ulikuwa na mpangilio wake wa herufi kwa hiyo usome mji kwanza ndo uende kwenye jedwali la mji huo. Ukiona na kichwa cha malkia ujue ni kabla ya ushuru wa fedha kufutwa 1890, maana baada ya hapo kichwa kiliacha kugongwa. Kwa hiyo huo umri ulioambiwa dukani usiuchukue hivihivi, kiulize kipete, ndo ushahidi mzuri kuliko wote ulio nao hapo. Kaa dirishani mchana na lenzi, kipumulie kidogo ukungu ukae juu yake, mihuri iliyolika inasomeka vizuri zaidi.

Na kwa wale ambao seti zao hazina kipete cha fedha, angalieni vitu viwili. Kama nyuma pamegongwa neno England, kwa kawaida ni cha 1891 na kuendelea, kwa sababu Marekani ilipitisha sheria ya ushuru 1890 ikataka bidhaa za nje zionyeshe nchi zilikotoka na viwanda vya Uingereza vilikuwa vinauza sana huko. Na kama kuna alama ya almasi yenye Rd katikati na herufi kwenye pembe zake, hiyo ni ya kusajili mchoro, ilitumika 1842 hadi 1883, na juu kabisa kuna kiduara chenye I ya Kirumi kuonyesha kwamba ni kundi la vitu vya metali. Kuanzia 1884 wakaacha almasi wakaweka Rd No na namba tu. Kumbuka inakupa tarehe mchoro ulisajiliwa, chombo chenyewe kinaweza kuwa kilitengenezwa miaka kadhaa baadaye.

SWALI: Shangazi, mimi ni mwanafunzi wa fizikia. Unasema walichovya kwa umeme miaka ya 1840, umeme walitoa wapi wakati hata taa za umeme hazijaingia majumbani? *Msomaji, Morogoro*

JIBU: Swali zuri sana na limenifurahisha. Mwanzo walitumia betri. George Richards Elkington na ndugu yake Henry wa Birmingham walichukua hataza (haki ya kisheria ya kumiliki ugunduzi) mwaka 1840, na jambo lililowafanikisha lilitoka kwa daktari wa upasuaji wa hapo hapo Birmingham anaitwa John Wright, yeye ndo aligundua kwamba ukitumia sayanidi ya potasiamu kwenye maji ya kuchovyea basi fedha inashika vizuri na inakaa nene, kabla ya hapo ilikuwa inatoka nyepesi na inabanduka. Kijiko cha nikeli silva kinaning'inizwa kwenye tangi upande mmoja, kipande cha fedha safi upande wa pili, umeme ukipita fedha inayeyuka kwenye kipande inaenda kukaa kwenye kijiko, na kadiri kinavyokaa muda mrefu ndo koti linavyozidi unene.

Sasa kwa wewe mwanafizikia, mwanasayansi Michael Faraday alionyesha 1831 kwamba ukizungusha sumaku karibu na waya unapata umeme, na 1844 tu hapo Birmingham ikatengenezwa jenereta ya Woolrich, mbao na sumaku kubwa, ikatumika kwenye kazi ya kuchovya vyombo. Inahesabiwa kuwa kati ya jenereta za mwanzo kabisa duniani kufanya kazi kiwandani, na bado ipo, imehifadhiwa jumba la makumbusho Birmingham. Yaani umeme ulichovya vijiko miaka mingi kabla haujawasha taa sebuleni kwa mtu. Mimi hilo jambo linanigusa kila nikishika uma wa zamani.

Kabla ya umeme kulikuwa na njia ya Sheffield, Thomas Boulsover miaka ya 1740 aligundua kwamba bamba la fedha na bamba la shaba vikipashwa moto pamoja vinaungana, afu unavipitisha kwenye rola vinakonda vikiwa kitu kimoja. Ndo maana chombo cha njia hiyo kikilika kinatoa wekundu wa shaba, wakati EPNS ikilika inatoa unjano mkavu. Njia ya umeme iliiua ya Boulsover ndani ya miaka michache, maana ilikuwa rahisi zaidi na chombo kinachongwa kwanza, michoro yote inakamilika, halafu ndo kinachovywa.

SWALI: Shikamoo shangazi. Marehemu babu alikuwa mpishi kwa wazungu wa mkonge zamani, kaacha kijiko kikubwa, ndani kimechongwa matunda yaliyovimba, zabibu na sijui pea, na hayo matunda yana rangi ya dhahabu. Sonara anataka kukinunua kwa uzito. Familia imegawanyika, nisaidie. *Msomaji, Tanga*

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa babu. Kwanza kabisa msikiuze kwa uzito kabla hamjajua ni nini.

Hicho ni kijiko cha kugawia matunda, Waingereza wa wakati ule walikuwa wanaweka viwili viwili kwenye boksi na wakati mwingine na kijiko cha kunyunyizia sukari chenye matundu. Dhahabu ndani haikuwa mapambo tu, asidi ya matunda inaichafua fedha na dhahabu haidhuriki. Kuna aina mbili na tofauti yake ni kubwa. Aina ya kwanza ni kijiko cha fedha halisi cha zamani zaidi, cha wakati wa wafalme walioitwa George, kabla ya Victoria, kilikuwa kijiko cha kawaida kisicho na urembo wowote, kikaja kupitwa na mtindo, fundi wa enzi za Victoria akakichukua akakigonga matunda kwa ndani na maua kwenye mpini kisha akakitia dhahabu. Hapo utakuta mihuri nyuma ya mpini, simba na wenzake, na mara nyingi imefifia au urembo umepita juu yake, kwa sababu mihuri ilitangulia na urembo ukaja baadaye. Wengine wanalalamika kwamba hiyo ni kuharibu kazi ya mtu wa kwanza, na mimi kwa kweli nawaelewa, kijiko cha wakati wa George kilikuwa kizuri vile vile kilivyokuwa, ila kazi ya kugonga matunda yale kwa mkono nayo ni ufundi wa hali ya juu huwezi kuudharau.

Aina ya pili ni ya kuchovya, imetengenezwa kiwandani ikiwa na matunda tangu mwanzo. Hiyo ukimpa sonara kwa uzito mnaumia wote wawili, yeye atanunua nikeli na shaba, koti la fedha ni jembamba mno kiasi kwamba kuitoa kunagharimu kuliko inachoingiza. Thamani ya chombo cha kuchovya iko kwenye kazi ya mkono, kwenye mchoro, kwenye hali yake na kwenye historia ya nyumba kilikopita, ukishakiyeyusha vyote hivyo vimekwenda na hujapata kitu.

Kigeuzeni, someni nyuma, mnitumie picha ya mihuri. Na hata kikitoka cha kuchovya, babu alikitunza miaka yote hiyo, mtu mmoja kwenye familia akitunze na mwandike kwenye karatasi kilikotoka, akae nayo.

SWALI: Hivi kwa nini Waingereza walihitaji vyombo vyote hivyo? Kisu cha samaki, koleo la asparagasi, mkasi wa zabibu, kiuma cha dagaa wa kopo! *Msomaji, Kisumu*

JIBU: Mambo mawili yalikutana. La kwanza ni mtindo wa kula. Zamani mezani kwao vyakula viliwekwa vyote kwa pamoja watu wakajisevia, ila katikati ya karne ya 19 ukaingia mtindo wa Kirusi, chakula kinaletwa kimoja kimoja kwa zamu, supu, samaki, nyama, matunda, na kila zamu ikataka vyombo vyake. La pili, viwanda vilikuwa vimezaa watu wenye kipato cha kati, karani mkuu, mwenye duka, wakili, na hawa fedha halisi hawaiwezi ila ya kuchovya wanaiweza, basi Sheffield na Birmingham wakawatengenezea kila kitu kilichofikirika. Hata mkasi wa zabibu una sababu, unakata tawi la shada bila kung'ang'ania na kudondosha zabibu nyingine.

Cha samaki kilikuwa na sababu ya kweli kabisa. Visu vya kawaida vilikuwa chuma, chuma kisichoshika kutu kilikuja Sheffield mwaka 1913 kwa kazi ya Harry Brearley, kwa hiyo kabla ya hapo ukikata samaki aliyekamuliwa ndimu au siki kwa kisu cha chuma, kisu kinaweka madoa na samaki anachukua ladha ya chuma. Fedha haifanyi hivyo. Na lile bapa pana lisilo na makali limepindwa kidogo ili uingie chini ya mnofu uuinue mzima bila kuuvunja, matundu yake yanachuja maji. Sisi watu wa samaki tunajua kazi ya kumtoa changu mzima kwenye sahani bila kumkata vipande, jaribu kwa kile utaona raha yake.

SWALI: Shangazi, hapa Mombasa vyombo vya fedha vinafubaa haraka sana, mama mkwe wangu alisuguliwa upawa wake kwa stiliwaya na dada wa kazi ukatoka rangi ya njano. Vinasafishwaje? *Msomaji, Mombasa*

JIBU: Huo unjano ni nikeli silva inayochungulia, koti limekwisha hapo, na hakuna dawa ya kusugua itakayolirudisha. Dada wa kazi msimlaumu, hakuna aliyemwambia. Fedha ya kuchovya kila unaposugua unaondoa kidogo, sasa stiliwaya inaondoa kwa kasi, dawa ya meno nayo ina chenga za kukwaruza, na Jiki ndo usiisogeze kabisa inachoma na kuacha madoa meusi.

Weusi unaouona sio kutu wala uchafu, ni fedha imeungana na salfa ya hewani, na unyevu wa pwani unaharakisha. Salfa inatoka pia kwenye mayai, vitunguu, sufu, na mpira, kwa hiyo kuvifunga vijiko pamoja kwa raba bendi ni kosa kubwa, unakuja kufungua unakuta mstari mweusi umeng'ata mpaka ndani.

Kwa chombo ambacho ni metali tupu kuanzia mwanzo hadi mwisho, kama upawa, tandika foili ya aluminiamu kwenye beseni la plastiki, upande wa kung'aa au wa giza haijalishi, weka upawa uguse foili, nyunyiza kijiko kikubwa cha baking soda, mimina maji ya moto sana. Utasikia harufu kama ya yai viza, hiyo ni salfa inatoka kwenye fedha inahamia kwenye aluminiamu, na uzuri wake ni kwamba fedha iliyokuwa imegeuka weusi inarudi kuwa fedha badala ya kusuguliwa ikaenda na kitambaa. Dakika chache tu, toa, suuza, kausha kwa kitambaa laini cha pamba papo hapo.

Sasa hii usifanye kwa kila chombo jamani. Visu vingi vya zamani mpini wake ni bati jembamba la fedha lililojazwa lami ndani, maji ya moto yanalegeza lami mpini unachomoka au unapasuka. Mpini wa mfupa, wa pembe au wa ganda la chaza usiuloweke hata kwenye maji ya baridi. Na vile vyenye urembo ambao fundi aliacha weusi makusudi kwenye mifereji ya maua ili mchoro uonekane, foili itatoa na huo weusi, chombo kitabaki kimepauka kama hakikuchongwa. Hivyo unavifuta kwa kitambaa chenye unyevu na sabuni ya maji kidogo, basi.

Kuhifadhi, funga kwenye kitambaa cha pamba kilichofuliwa bila manukato, weka na vipande vichache vya chaki droo hiyohiyo vinyonye unyevu, badilisha vikilowa.

SWALI: Nimerithi seti ya visu na uma 12 za samaki kutoka kwa familia niliyoifanyia kazi London, nataka kurudi nayo Dar. Mipini ni myeupe yenye mistari. Rafiki yangu anasema ni pembe ya ndovu na nitafungwa. *Msomaji, London*

JIBU: Rafiki yako kakusaidia sana, usisafiri nayo kwanza.

Angalia mwisho wa mpini, pale bapa lake la nyuma lilipokatwa. Pembe ya ndovu ina mistari inayokatana kama wavu mwembamba, ukiuzungusha kwenye mwanga inaonekana, na ubavuni mistari inaenda kwa urefu bila kufanana. Mfupa una vidoti na vijimfereji vyeusi vidogo sana, ni mishipa ya damu iliyokuwepo. Na ukiona mistari imenyooka sambamba kwa usawa kupita kiasi, hiyo ni seluloidi, plastiki ya mwanzo mwanzo, viwanda viliitumia kuiga pembe kuanzia miaka ya 1870. Msithubutu kile kipimo cha sindano ya moto ambacho watu wanaambizana, seluloidi inashika moto vibaya sana.

Kama ni pembe, ujue inaweza kuwa ilitoka kwetu. Sheffield ilikuwa inakula pembe kwa wingi wa kutisha kwa ajili ya mipini, watengeneza visu Joseph Rodgers & Sons walisifika kwa shehena ya pembe waliyokuwa nayo, na katika karne hiyo ya 19 Zanzibar ilikuwa soko kubwa la pembe duniani. Zilibebwa mabegani kutoka Ujiji na Tabora na mbali zaidi ndani ya Kongo mpaka Bagamoyo, na waliobeba wapo walioajiriwa na wapo waliokuwa watumwa, na wengi hawakufika. Meza ile ya samaki kule Uingereza, yenye kitambaa cheupe na kila mtu kisu chake, ilishikwa na mikono yao pia, na mimi nataka anayezitunza seti hizi ajue hilo na awaambie wanawe.

Kwenye sheria, Uingereza ina Sheria ya Pembe ya 2018 iliyoanza kazi Juni 2022, inakataza kuuza na kununua isipokuwa vichache, mfano vitu vya kabla ya 1947 ambavyo pembe ni chini ya asilimia 10 ya ujazo wake, navyo lazima visajiliwe. Mpini mzima wa pembe unapita asilimia hiyo. Kumiliki au kurithi haijakatazwa, kwa hiyo hapo London huna kosa. Kuivusha mpaka ndo habari nyingine, unahitaji vibali vya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na Tanzania kukutwa na pembe bila kibali ni kesi nzito chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2009, Kenya vilevile kwa sheria yao ya 2013. Usiulize watu wa mizigo, andikia mamlaka zenyewe upate jibu kwa maandishi. Ikishindikana, iache huko kwa ndugu. Ikiwa ni mfupa au seluloidi basi beba, ila pata karatasi ya mtaalamu inayosema hivyo, maana ofisa wa uwanja wa ndege hatakuwa na lenzi.

SWALI: Naweza kuvichovya upya? Na je ni salama kulia kila siku? *Maswali ya wasomaji kadhaa*

JIBU: Vinachovyeka upya, ila mpe fundi mwenye karakana rasmi, kwa sababu mpaka leo kazi hiyo inatumia sayanidi ambayo ni sumu ya kuua, sio kazi ya kujaribu uani. Kama nyuma pameandikwa EPBM, ndani ni metali laini ya bati ambayo inayeyuka kwenye joto dogo, huyo fundi aambiwe kabla hajawasha chochote. Na kama ni chombo kizuri chenye mchoro mkali mimi naona bora ubaki na unjano wake kidogo, kwa sababu kabla ya kuchovya upya kinasuguliwa kwanza na huko ndiko michoro inakopotea.

Kula navyo kuleni, koti likiwa zima havina shida, na vinavyotumika na kuoshwa mara kwa mara vinafubaa polepole kuliko vilivyofungiwa. Osheni mkono mara baada ya kula, msiache chumvi ikalala juu yake maana inachimba vishimo, ndo sababu vijiko vya chumvi vya wakati ule vilitiwa dhahabu ndani. Mayai tafuteni kijiko kingine, cha mfupa au cha ganda la chaza kama walivyofanya wao, au hata cha stenlesi tu kinatosha.